Kwanza Olivia Alie

Najma, Doha
Jumamosi, 15 Novemba 2025

Kwako Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na nikikusalimu wewe nimesalimu boma lote, mpaka yule ng'ombe wa pembe moja. Je, alizaa salama? Magoti yako yanaendeleaje na hii mvua ya mwisho wa mwaka? Na watoto wako wa Sande skulu, bado wanakukimbilia pale kwa daraja wakikuona na biblia? Wape salamu zangu, waambie binti ya mwalimu wao anawakumbuka.

Mimi ni mzima wa mwili. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kwenda dukani saa sita na akarudi bila kuungua nyayo. Nakula vizuri, nalala vizuri kwa kitanda. Ni moyo, Mama. Moyo haukai mahali pamoja.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Ni kwa sababu simu wewe huiweka sauti ya juu, na Olivia hukaa hapo magotini pako, na haya maneno sitaki ayasikie kabla wewe hujayasoma peke yako. Unajua niliachia darasa la sita, kwa hivyo vumilia mwandiko. Naandika nikiwa chumbani kwa Phoebe, yule msichana wa Kitale anayetandika vitanda kwa hoteli, maana leo ni siku yangu ya kupumzika. Kioko anasafiri leo jioni. Ni Mkamba, mlinzi kwa zile ghorofa za West Bay, mtu mwaminifu ila mdomo. Amesema atapitia hapa saa kumi, na akikuta sijafunga bahasha atatangazia Najma nzima kwamba mimi nilifundishwa kuandika na kuku. Akifika Nairobi ataiweka kwa basi la Kimilili. Sasa ni saa saba na nusu, na nimeshararua karatasi mbili.

Mama, tangu Jumatano ile ya wiki tatu zilizopita uliponipigia kuhusu uji, sijatulia. Ulisema sufuria ilipinduka, uji wa moto ukamwagikia mguu wa Olivia, ngozi ikatoka, na mtoto hakulia. Ulisema aliuma kitambaa chako cha kichwa akakutazama tu, macho makavu. Ukasema hata nesi wa dispensari alimwita mwenzake aje aone mtoto wa ajabu. Ulikuwa unajivuna, nilisikia kwa sauti, ukasema huyo ni damu yetu, amekomaa. Na mimi nikacheka na wewe nikasema kweli amekomaa. Nilipokata simu nikakaa chini kando ya mashine ya kufulia mpaka ikamaliza mzunguko, ikaita, ikachoka kuita. Mtoto ambaye hajafika miaka sita akimwagikiwa uji wa moto analia, Mama. Asipolia kuna kitu kimemziba. Na hicho kitu mimi nakijua. Nitakuambia, usiruke mistari kwenda chini, acha nianzie mbali kidogo ndio uelewe.

Unajua nafanya kazi kwa mwalimu Madam Ilana na mume wake anayefundisha chuo kikuu. Kitu sijawahi kukuambia ni kwamba hao watu ni Wayahudi. Si kwamba nilificha, ila wao wenyewe wanaishi kimya hapa, na mimi nikaona si langu la kutangaza. Ile sanduku ndogo ya maandiko ambayo wao huweka mlangoni, hii yao imepigiliwa upande wa ndani, sio wa nje. Sasa nakuambia wewe kwa sababu wewe ni mwalimu pia. Na usishtuke, sijamwacha Yesu, kila Jumamosi niko kanisani Abu Hamour, hata leo nimetoka huko. Lakini fikiria, wale watu uliokuwa unatusomea kwa Agano la Kale, wako hai, wanatafuta soksi asubuhi na kugombana juu ya rimoti kama sisi. Phoebe hunicheka kwamba karibu nitaanza kupanda mlima na mbuzi wa kafara. Nilipomwambia sufuria ya nyama haiwezi kuguswa na maziwa, na kwamba siku moja nilikosea kijiko Madam akakitoa kabisa jikoni, Phoebe akasema hiyo si dini, hiyo ni mama mkwe.

Sasa, Madam Ilana kazi aliyosomea ni kufundisha watoto wadogo juu ya Mungu, wale wa miaka minne, mitano. Huku hakuna shule yao ya namna hiyo, kwa hivyo kila Ijumaa asubuhi watoto wanne wanaletwa kwa nyumba, na wa tano ni Ezra wake ambaye ana miaka mitano. Mimi kazi yangu ni kupima unga, kufuta unga, na kushika yule anayetaka kukojoa. Wanakanda mkate wa jioni ya Ijumaa, ule wa kusukwa kama nywele. Mkate ukiumuka wanakaa kwa mkeka, wanafunika macho kwa mkono wa kulia, wanasema mstari mmoja tu kwamba Mungu ni mmoja. Halafu Madam anafungua mkebe.

Huo mkebe ni wa biskuti, wa kawaida. Ndani kuna karatasi. Mtoto akiwa na swali juu ya Mungu anachora, maana hawajui kuandika, na Madam anaandika chini yake vile mtoto amesema. Kila Ijumaa wanatoa swali moja. Na hapo ndipo mimi nilishangaa, Mama, kwa sababu yeye hajibu. Anawauliza wao, wewe unaonaje? Siku ya kwanza swali lilikuwa Mungu anakaa wapi. Mmoja akasema anakaa West Bay ghorofa ya juu kabisa na anateremka kwa lifti. Ka-msichana kengine kakasema Mungu ni kama esi, hiyo mashine ya kupoza nyumba, huioni lakini ikizimwa kila mtu anakuwa mkali. Mimi nilingoja Madam awakemee. Akasema tu kwamba hilo la esi atalifikiria mpaka wiki ijayo. Kwetu mtoto angesimamishwa nyuma ya kanisa na uso ukutani.

Sikulaumu, Mama, usinielewe vibaya. Wewe ulitufundisha vile ulifundishwa. Lakini nakumbuka lile jicho ulilochora kwa karatasi ya manila ukabandika juu ya mlango wa darasa la Sande skulu, kwamba Mungu anaona yote. Siku niliiba njugu za nyanya yetu Kukhu, nilizunguka nyuma ya kanisa wiki nzima nisipite chini ya lile jicho. Nilikuwa nimesahau. Kumbe sikusahau.

Mwezi wa kumi mume wa Madam alisafiri kikazi, majuma mawili. Ezra alikuwa analia kila baba yake akikata simu. Analia mpaka anatapika, na mimi ndiye wa kusafisha, na ndiye wa kuumia roho pia, maana huyo mtoto nimemzoea. Siku ya nne, Madam akiwa ametoka, alianza tena. Nikamwekea mkono mdomoni, polepole, nikamwambia kwa hiki Kiingereza changu cha jikoni anyamaze, kwamba Mungu anahesabu machozi, na kila chozi moja anaongeza siku moja ya baba kukaa mbali. Mama, alinyamaza papo hapo. Alinyamaza kama umefunga mfereji. Nikaona nimefanya kazi nzuri, nikamkatia tufaha.

Ijumaa iliyofuata mkebe ukafunguliwa, ikatoka karatasi ya Ezra. Alikuwa amechora uso wenye matone mengi na kando yake mwanamume mdogo kabisa, mbali. Madam akasoma kwa sauti vile Ezra alimwambia aandike: kwa nini Mungu anataka Baba akae huko. Akamwuliza ni nani alisema Mungu anataka. Ezra hakuwa na ubaya wowote, akaninyooshea kidole cha unga, akasema Nafula ndiye anajua, kila chozi ni siku moja.

Nilitamani ule mkeka unimeze. Nikaona tiketi, nikaona begi yangu kwa mlango. Madam hata hakunitazama. Akawaambia watoto wasimame, waende wafunge kila mlango wa nyumba. Wakakimbia, kelele, milango ikapigwa, chumba cha kulala, cha kuoga, jikoni, stoo. Wakarudi wakihema. Akawaambia wazee wao wa zamani walisema hivi: tangu ile nyumba kubwa ya Mungu ibomolewe Yerusalemu, kuna milango ya mbinguni iliyofungwa, mtu anabisha anabisha, ni vigumu. Lakini kuna mmoja ambao haujawahi kufungwa hata siku moja. Akawapeleka kwa mlango wa sebule, akavua slipa yake, akaikwamisha chini, akawaambia wausukume kwa nguvu zao zote. Watano wote wakasukuma. Haukufungika. Akawaambia huo ndio mlango wa machozi. Mungu hahesabu machozi ili kumwadhibu mtu, hiyo slipa iko hapo ili yaingie.

Ezra akajaribu kuusukuma tena peke yake, na bega. Akainama akaangalia slipa. Halafu akaanza kulia, Mama, kilio cha siku sita zilizokuwa zimekaa ndani, na wale wengine wakamzunguka wakimtazama kwa heshima kama mtu anayefanya kazi ngumu. Baba yake alirudi siku ile ile ambayo tiketi ilikuwa imesema. Siku hata moja haikuongezeka.

Watoto walipoondoka, Madam alikuja jikoni. Hakupiga kelele. Alichukua kikombe kisafi akakiosha, akakiosha tena. Akaniuliza kama hayo maneno niliwahi kumwambia mtoto mwingine. Nikasema hapana. Nikasema ni kitu tu kilinitoka mdomoni. Akasema sawa, lakini aliniangalia vile wewe huangalia mtu anayesema amenawa mikono.

Jumatano iliyofuata ndipo ukapiga simu ya uji.

Mama, keti chini kama umesimama.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mambo ya simu yalikuwa yamenishinda. Unakumbuka vile Olivia alikuwa analia nikisema kwaheri, mpaka ukasema labda tupunguze kupiga. Basi jioni moja ulikuwa umeenda kuleta kuni, simu alikuwa nayo yeye. Akaanza. Na mimi Madam alikuwa ananiita. Nikamwambia Olivia anyamaze, kwamba Mungu yuko na chupa, anaweka machozi yake yote, na kila chozi moja linaongeza siku moja ya Mama kukaa huku. Kwamba akitaka nirudi haraka, asilie. Hilo la chupa ni wewe ulitufundisha, kwamba Mungu huyaweka machozi yetu yasipotee. Ulisema kutufariji tulipozika Baba. Mimi nikaichukua hiyo chupa ya faraja nikaitilia sumu, nikampa mtoto wa miaka minne na nusu.

Na yeye akajaribu, Mama. Kesho yake alinyamaza, wewe ukafurahi, mimi nikafurahi. Ila ni mtoto, kuna siku alishindwa. Uliniambia mwenyewe wakati wa Krismasi alilia chini ya meza.

Halafu Machi. Hapa ndipo pabaya zaidi. Mkataba wangu uliisha mwezi wa tatu. Niliwaambia nyinyi kwamba tajiri amekataa kuniachilia, ameongeza miaka miwili. Si kweli. Hakuna mtu alikataa. Madam aliniuliza mara mbili kama ninataka kurudi kwa mtoto wangu, na kama nimeongea naye. Nikasema nimeongea. Nikatia sahihi mimi, kwa kalamu yangu. Ningekuambia ni kwa sababu ya karo na mabati, na ni kweli, lakini si hiyo peke yake. Hapa mimi ni mtu anayejua kazi. Hapa hakuna anayeniita yule aliyeachwa na Trevor. Na nina chumba chenye ufunguo. Niliogopa kurudi, Mama. Na nikaona aibu kuogopa, kwa hivyo nikamsingizia tajiri.

Sasa panga hayo mambo mawili vile yamepangika kwa kichwa cha Olivia. Aliambiwa kila chozi ni siku. Akalia. Kisha akasikia Mama ameongezewa miaka miwili. Unakumbuka Aprili ulinieleza ukicheka kwamba mtoto anapenda hesabu, amekuuliza mwaka mmoja una siku ngapi, na miwili je? Hakuwa anapenda hesabu. Alikuwa anatafuta ni machozi mangapi alimwaga. Na wewe mwenyewe ulisema, tangu mwezi wa tatu hajalia hata mara moja. Hakukomaa, Mama. Anajilinda. Uji ulimchoma na akauma kitambaa kwa sababu alikuwa ananiokoa mimi.

Phoebe, aliyekuwa amelala hapa kando yangu, ameamka ananiuliza kama ni barua ama ni wosia, na kwa nini ninalowesha shuka yake. Acha nimalize.

Ile Jumatano nilimngoja Madam nikamwambia yote, kwamba nilimdanganya, kwamba mtoto mwingine yupo na ni wangu. Nilitegemea anifukuze, na labda ningepumua. Aliketi kwenye kiti cha Ezra, kile kidogo, magoti yakafika kifuani. Akasema na yeye anafundisha juu ya Mungu miaka kumi na mbili, na kitu kinachomnyima raha ni kimoja, kwamba mtoto ukimwambia lolote juu ya Mungu ataliamini, na wewe utasahau ulisema. Kisha akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kwenda nyumbani. Nimepewa ruhusa, Mama. Natoka huku tarehe kumi na tisa Desemba, nitakaa wiki tano, na hiyo sahihi ya miaka miwili tutaizungumza mimi na wewe uso kwa uso, nikiwa nimemwona mtoto.

Ungedhani habari hiyo ndiyo ya kukimbia kumwambia. Usimwambie. Hiyo ndiyo sababu ya barua yote hii. Nimefikiria wiki tatu nikiwa napiga pasi. Akisikia leo kwamba Mama anakuja, atajua ni kwa nini. Ataona ni kwa sababu ya macho makavu, ni kwa sababu ya kitambaa alichouma. Ataona Mungu ameridhika. Na hatalia tena maisha yake yote, hata siku ya kukuzika wewe, hata siku ya kunizika mimi.

Kwanza alie. Sijui utafanyaje. Wewe ndiwe mwalimu, mimi niko mbali. Mwambie ni mimi niliyesema uongo, utaje jina langu, usinifunike. Mwambie Mungu hana daftari ya machozi. Mwambie aliyeongeza miaka miwili ni Mama Olivia kwa mkono wake, si Mungu, wala si yeye. Na kama maneno hayatoshi, funga milango yote, wa jikoni, wa chumba chako, wa kuku, na uache mmoja. Nilipomwambia Ezra kwamba nina mtoto ambaye hawezi kulia, alifikiri sana, akasema atumie slipa, asitumie kiatu, kiatu kinaharibu mlango. Kisha akaomba karatasi akachora kitu cha kuweka kwa mkebe, na hakutaka nikione.

Olivia akilia, hata kama ni kwa kukasirika nami, mwache alie amalize. Asinyamazishwe na mtu, hata na jirani. Iache ipite siku moja. Ndipo umwambie tarehe.

Na lile jicho la manila, Mama, kama bado liko juu ya mlango wa darasa, naomba kwa heshima, kama mtoto wako, ulifikirie mpaka wiki ijayo.

Nisalimie kanisa lote, msalimie jirani yetu Gerishon na mke wake, mwambie sijasahau redio yake. Nifutie Olivia huo mguu kwa upole. Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yako, na ninawapenda kuliko vile kalamu hii inaweza.

Ni mimi binti yako, uliyemzaa mvua ikinyesha,
Nafula

Kioko amefika, yuko hapa mlangoni anacheka mwandiko. Mama, zile slipa zangu za bluu ziko chini ya kitanda, nyuma ya debe. Ya kushoto ilikatika kamba, lakini kwa mlango itatosha.